Kwa Nini Gelasius Alichagua Chuma

Si kweli kwamba marehemu Gelasius Nkwabi aliikataa baiskeli ya mkwewe kwa sababu mkwewe ni Mwislamu. Si kweli pia kwamba aliitemea mate mbele ya wageni na kusema imenunuliwa kwa dhahabu yenye damu ya watu. Maneno haya yalizunguka Ibadakuli, hapa Shinyanga, yakapanda basi mpaka Geita, na juzi yamerudi yakiwa yamenenepa: sasa eti ni mkewe, Mwalimu Theopista, aliyemtuma. Wanaoyasema hawakuwepo. Waliokuwepo walikuwa uani wakila pilau, na walichokisikia ni neno moja tu. Neno hilo lilisemwa, ndiyo. Ila lilikuwa na sababu ambayo mwanamume mwenye adabu hawezi kumweleza mkwewe, na afadhali ielezwe sasa, kabla hayajaongezwa mengine.

Gelasius alikuwa bwana mifugo. Miaka yote ya kazi alizunguka vijiji vya Shinyanga juu ya baiskeli nyeusi ya Kichina, sanduku la chanjo nyuma na kofia ya pama kichwani. Wafugaji walimwita Bwana Sindano. Alikuwa mrefu, miguu myembamba kama ya korongo, na alizoea kupima kila jambo kwa ng'ombe. Mtu mwenye hasira alikuwa amepanda joto. Mkutano uliochelewa kwisha ulikuwa umeshindwa kuzaa. Alipokwenda kumposa Theopista, ambaye tayari alikuwa na cheti chake cha ualimu, alimwambia baba wa binti, "Mzee, ana macho maangavu na mwendo mzuri." Mzee alicheka mpaka akakohoa. Binti mwenyewe hakucheka. Alimnunia mpaka Pasaka.

Alipostaafu, baiskeli nyeusi alimpa kaka yake wa Ushirombo, naye akajinunulia ya mbio, mtumba, alumini nyekundu yenye usukani uliopinda kama pembe za kondoo dume. Kila Jumamosi asubuhi alitoka na vijana wanaokimbiza baiskeli barabara ya Mwanza, mpaka Maganzo na kurudi. Mwanzoni vijana walipanga kumwonea huruma. Walipofika Maganzo walimkuta amekaa kando ya barabara, karibu na wauza almasi, anakunywa chai.

"Mzee, unakula nini?" wakamuuliza, wamekunja migongo, wanatafuta pumzi.

"Ugali na maziwa ya mgando. Na simsemi mtu, hiyo inaokoa pumzi nyingi."

Jumapili, baiskeli hiyo hiyo ilimpeleka mkewe kanisani. Hapa inabidi mambo yawekwe sawa, maana wapo watu wanaopenda kuona aibu kwa niaba ya wenzao. Mwalimu Theopista alistaafu akiwa mkuu wa shule ya sekondari. Hakukosa nauli ya bodaboda. Alikaa kwenye karia nyuma ya mumewe, miguu upande mmoja, mkoba mapajani, mkono kiunoni mwa Gelasius, kwa sababu tangu walipofunga ndoa hiyo ndiyo iliyokuwa saa yao. Nyumba yao haikuwahi kukosa watu: watoto, wagonjwa waliotoka kijijini kuja hospitali, wafugaji waliobisha hodi kwa sababu ndama anaharisha. Juu ya ile baiskeli hakukuwa na nafasi ya mtu wa tatu. Walizungumza kutoka getini mpaka mlangoni mwa kanisa, na wakati wa kurudi Gelasius alizungukia njia ya uwanja wa ndege, makusudi, ili mazungumzo yasikatwe na kufika.

Sasa, baiskeli ya mbio haina mahali pa kufungia karia. Gelasius aliona hilo ni usahaulifu wa mtengenezaji. Akachukua karia ya chuma, akaifunga kwa vibano na bolti kwenye mirija myembamba ya nyuma, akakaza kwa nguvu zake zote kama mtu anayemfunga fahali mkorofi. Hakuna mtu wa Shinyanga atakayemcheka. Kwetu baiskeli isiyobeba kitu huonekana haijamalizwa kutengenezwa.

Jumapili moja, kwenye kona ya uwanja wa ndege, kitu kililia chini yao kama kijiti kikavu. Baiskeli ikalegea kiuno. Mwalimu Theopista hakuanguka, kama ilivyotangazwa. Aliteremka kwa heshima zake, akakunjua gauni, wakatembea mpaka nyumbani huku Gelasius akiisukuma baiskeli kama anayemwongoza ng'ombe mgonjwa. Jioni mtaa mzima ulikuwa na habari kwamba Mwalimu ameivunja baiskeli kwa uzito.

Fredy, fundi wa baiskeli aliyekuwa na kibanda chake karibu na soko, aliipindua, akafuta vumbi kwa kidole gumba. Ufa ulikuwa umeanzia pale pale bolti ilipobana.

"Mama hana kosa hapa, mzee," akasema. "Umeikaba koo mwenyewe."

Uzito wa Mwalimu hauhusiani na jambo hili, na hautaandikwa.

"Haichomeleki?" Gelasius aliuliza.

"Alumini? Mafundi wetu wataitoboa tu. Na hata ikishika, itapasuka pembeni yake. Tafuta fremu mpya. Rimu, cheni, usukani, vyote nitavihamisha."

Gelasius akavuta kiti cha mbao akakaa. Siku hiyo hakurudi nyumbani mpaka ugali ulipopoa, na aliporudi alikuwa na furaha ya mtu aliyetoka mnadani. Aliyazungumza na mkewe akiwa bado hajanawa. Alumini, alisema, ni ng'ombe wa kisasa: maziwa mengi, mwepesi, mzuri wa macho, lakini kiangazi kimoja kikimkuta vibaya anaanguka bila kukuonya. Chuma ni ng'ombe wetu wa asili. Ana nundu, ana uzito wake, hana haraka. Lakini akiumwa utamwona mapema, maana chuma hupinda kabla ya kukatika, na daktari wake yupo kila kijiji, hata fundi wa majembe. Halafu kuna kaboni.

"Kaboni ndiyo nini?" mkewe aliuliza.

"Farasi," Gelasius alisema, macho yakiwaka. "Fredy amenionyesha picha. Unainyanyua kwa kidole. Barabara mbovu hata huisikii, inameza mtikisiko wote. Lakini ukiibana kwa bolti inapasuka kwa ndani, na nje huoni kitu. Farasi, Mwalimu. Nani wa kumtibu farasi hapa Ibadakuli?"

"Basi chukua chuma."

"Bado naangalia." Na kwa mwezi mzima aliendelea kuangalia, kwa raha yake, kama anayechagua mtamba.

Ni hapo mkwe alipoingia. Nasibu ni mtu wa Ujiji, Mmanyema, mfanyabiashara wa pampu na mipira ya maji kwa wachimbaji wa dhahabu pale Katoro, Geita. Alipokuja kumposa Justa, binti mkubwa wa nyumba ile, ndugu walikuja juu. Wajomba walitaka kujua watoto watazikwa kwa dini gani kabla hata hawajazaliwa. Gelasius aliwasikiliza wote, kisha akasema, "Nimechanja ng'ombe wa Wakristo, nimechanja wa Waislamu. Sijawahi kuona tofauti kwenye damu. Kijana anafanya kazi, hanywi, na Justa anamtaka. Mnataka nini tena?" Wakafunga ndoa bomani. Wanaosema Gelasius alikuwa na neno na dini ya mtu, waanze kwa kulieleza hilo.

Tangu siku ile Nasibu alitafuta namna ya kushukuru. Aliposikia kwa mkewe kwamba baiskeli ya mzee imevunjika, hakuuliza zaidi. Alituma watu Dar es Salaam.

Siku ya Pasaka alikuja na Justa, na nyuma ya gari kitu kirefu kimefungwa kwa plastiki. Uani palijaa ndugu na majirani. Kabla ya yote alimsalimu mama mkwe wake kama anavyomsalimu siku zote, kwa mbali, ameinamisha kichwa, macho ardhini. Hajawahi kula naye sahani moja wala kukaa naye mkeka mmoja. Hakuna aliyemlazimisha, aliikuta ndiyo desturi ya nyumba, akaishika kuliko watoto wa nyumba wenyewe. Kisha akafungua plastiki.

Ilikuwa nyeusi, inang'aa kama ngozi ya fahali aliyeoga. Kaboni tupu. Gelasius aliinyanyua kwa vidole viwili. Akaigonga kwa ukucha, ikatoa sauti kavu. Moyo wake uliruka, hilo alilikiri baadaye. Aliiona barabara ya Maganzo imelala mbele yake. Halafu, kwa mazoea ya mtu anayekagua mnyama, akapita nyuma. Akapapasa chini ya kiti. Laini. Akapapasa mirija ya nyuma. Laini, myembamba, hakuna tundu, hakuna sikio, hakuna mahali popote pa kufunga chochote.

"Ijaribu, baba," Nasibu alisema, ametabasamu hadi magego yanaonekana. "Zunguka hata mpaka barabarani."

Watu walikuwa wanasubiri, vijiko mikononi. Mwalimu Theopista alikuwa mlangoni mwa jiko, amegeuza uso pembeni. Na Gelasius alikuwa na swali moja tu kichwani: mama yenu atakaa wapi? Lilifika kwenye meno. Lakini utamwambiaje mkweo, mbele ya watu, mahali anapokaa mama mkwe wake, na anavyokaa, na kwamba kitu hiki hakitambeba? Hayo hayasemwi. Kijana asiyethubutu hata kumtazama usoni, umwambie ampime mgongoni! Kusema inafaa asingeweza pia. Hakuwahi maishani mwake kumwambia mfugaji kwamba mnyama anafaa wakati hafai. Akaishusha taratibu, akaiegemeza ukutani.

"Haifai," akasema.

Hilo ndilo neno lenyewe. Hakuna mate, hakuna dhahabu, hakuna dini.

Tabasamu la Nasibu lilikaa kidogo usoni halijui pa kwenda, kisha likaondoka. "Sawa, baba," alisema. Akaifunga tena plastiki, mwenyewe. Chai haikuwakuta. Justa alipopita kumuaga mama yake alikuwa analia. "Mama, baba amemfanya nini mume wangu?"

Mama naye hakujua. Wageni walipoondoka alimkuta Gelasius ameketi kwenye ngazi, kofia magotini.

"Umekosa nini kwenye baiskeli ya watu?"

"Karia," alisema Gelasius.

Mwalimu Theopista alimtazama. "Kwa ajili yangu? Nitapanda bodaboda, Gelasius! Nina miguu, nina nauli!"

"Utapanda. Na utaongea na nani?"

"Basi weka mbili. Watu wana baiskeli mbili."

"Ya pili itakaa ukutani inaninunia. Nimeshanuniwa mpaka Pasaka mara moja, yatosha."

Gelasius alicheka, lakini hakikuwa kicheko. Justa alipoelezwa kwa simu, la mama alilificha kwa aibu, akamwambia mumewe tu kwamba baba hakuwa na nia mbaya, na mumewe akajibu kwamba mke mwema humtetea baba yake, hamlaumu kwa hilo. Akaacha kula nyumbani mchana. Akasema Krismasi hiyo hawatakwenda Shinyanga, na inayofuata wataona. Wajomba wale wale wa zamani waliposikia walipiga makofi: tuliwaambia. Gelasius hakwenda tena kwa Fredy. Usiulize alivyokonda. Mtu aliyesimama peke yake dhidi ya ukoo ili binti yake aolewe, sasa alikuwa anamvunjia binti huyo huyo nyumba, kwa neno moja alilolisema kwa adabu.

Yeye ndiye aliyepata dawa. Kuna mtu mmoja kwenye kila ukoo mwenye ruhusa ya kumwambia mkwe lolote, naye ni shemeji. Agatha, mdogo wake Justa, ni muuguzi Chato, na basi la kutoka Chato kuja Geita linapita Katoro. Gelasius alimpigia.

"Ukija likizo, teremka Katoro ukamtanie shemeji yako."

"Nimtanie nini, baba?"

"Karia," alisema, akakata.

Yaliyotokea dukani Gelasius aliyasikia kwa Agatha mwenyewe, akamtaka ayarudie mpaka mkewe akachoka kuyasikia. Agatha aliingia na begi begani. Duka limejaa wachimbaji, matope mpaka magotini, wanachagua mipira ya pampu.

"Hujambo, mume wangu wa akiba!" alipaza sauti.

"Leo usinianze, Agatha," Nasibu alisema bila kuinua kichwa. "Sina utani na ukoo wenu. Baba yako amenivua nguo mbele ya watu."

"Nguo zipi? Na wewe Mmanyema huna aibu, unampelekea mzee baiskeli ya bachela! Mke wake utamweka wapi? Kwenye usukani, miguu juu, kama kuku wa mnada?"

Wachimbaji wakaangua kicheko. Nasibu aliinua kichwa. "Mke wake yupi?"

"Ana wangapi? Yule ambaye ukimwona unatazama chini kama umedondosha pete. Anabebwa kanisani kila Jumapili tangu sijazaliwa. Ile nyekundu ilivunjika kwa ajili ya karia, nawe ukaenda kumletea isiyo na karia kabisa. Mzee angekwambiaje? Akuchoree?"

Nasibu alikaa juu ya bunda la mipira. Akajifunika uso kwa viganja. Agatha alidhani analia, mpaka alipoona mabega yanaruka.

"Ya Rabi," alisema alipopata sauti. "Mama! Nami nikamwambia mzee aijaribu, naye mama amesimama pale pale mlangoni!" Akacheka tena, akafuta macho. Mchimbaji mmoja akauliza kama mipira inauzwa leo au la.

Krismasi walikuja, siku moja kabla. Safari hii kitu kilikuwa kimefungwa kwa kitenge kipya, doti nzima, rangi ya bluu na manjano. Nasibu alikifikisha uani, akampa Gelasius kwa mikono miwili.

"Nimekizungushia kitambaa kisikwaruzwe njiani, baba," akasema. "Kitambaa chenyewe hakina kazi kwangu. Mtajua wenyewe."

Ndani yake mlikuwa na fremu ya chuma, ya mbio, mtumba wa zamani alioutafuta Mwanza, mirija myembamba iliyoungwa kwa ustadi. Nyuma, karibu na gurudumu, palichomelewa masikio mawili madogo, na chini ya kiti mengine mawili. Karia yake ilikuwa imetengenezwa Katoro na fundi wa makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Ingeweza kubeba jiwe lenyewe. Gelasius aliinyanyua, ikamkatalia kidogo mkononi kama inavyopasa. Akapita nyuma. Akatia kidole kwenye kila sikio, moja baada ya jingine, bila haraka. Uani hakuna aliyetafuna.

"Wabeja sana, mwanangu," alishukuru kwa Kisukuma. Kisha, ili wote wasikie: "Hii inafaa."

Hakuna aliyemtaja mama mkwe. Nasibu hakutazama jikoni, wala mlangoni pa jiko hapakuonekana mtu. Lakini kitenge kiliokotwa, kikafuliwa, na Jumapili iliyofuata, Fredy akiwa ameshahamisha rimu na cheni, juu ya karia kulikuwa na mto mpya wa bluu na manjano, umeshonwa vizuri, na aliyeukalia alivaa kilemba cha kitambaa hicho hicho. Nasibu alikuwa amesimama getini. Aliinamisha kichwa kama kawaida yake. Alikuwa anacheka.

Na ile ya kaboni? Wanasema aliiuza kwa hasira. Uongo. Aliipanda mwenyewe, na kitambi chake. Kila alipokuja Shinyanga alitoka Jumamosi na baba mkwe wake, na vijana wanaikumbuka picha ile: mzee mbele juu ya chuma, mkwe nyuma juu ya farasi, anapiga kelele, "Baba, nisubiri, mimi ni mtoto wa watu!" Gelasius alimsubiri Maganzo, chai mbili zikiwa zimeshaagizwa.

Miaka minne walikimbia hivyo. Gelasius alipofariki, kwa moyo, kitandani kwake, Nasibu alifika kutoka Katoro kabla ya ndugu wa Ushirombo, na jeneza lilipotoka kanisani yeye ndiye aliyelishika mbele upande wa kulia. Wenye habari za dini walikuwepo wote. Walimwona.

Chuma kile kipo sebuleni, kimepakwa mafuta, karia yake na mto wake. Wapo waliokuja kuuliza kama kinauzwa; hakiuzwi. Na wapo wanaouliza, kwa sababu walipita njia hiyo wakaona, ni nini Gelasius alichomwambia mkewe Jumapili ile ya mwisho kwenye kona ya uwanja wa ndege, hata akasimamisha baiskeli, na Mwalimu akashuka huku anacheka na kufuta macho. Mmoja amesema ulikuwa wasia. Mwingine amesema ulikuwa ugomvi. Haukuwa wasia na haukuwa ugomvi. Yalikuwa maneno ya mume kwa mkewe, aliyeambiwa anayo, na hayataandikwa hapa wala kusemwa popote.